Mashine Ilipouliza Funguo Ngapi

Gari lilianza kwa wipa. Jua linawaka, hakuna hata wingu la kusingizia, na wipa zinakwangua kioo kikavu, kwaru, kwaru, huku mwenye gari akihangaika na swichi kama mzazi anayemnyamazisha mtoto mbele ya wageni. Baada ya wipa ikaja honi. Mwanzoni honi ilikuwa na adabu, ikilia mchana watu wakiwa macho. Baadaye ikazoea. Ikawa inalia alfajiri, gari limezimwa, limeegeshwa ukutani, mwenyewe yuko kitandani anabembeleza usingizi. Majirani wakafungua madirisha wakasonya. Mama mmoja wa nyumba ya pili akasema wazi kwamba hiyo si honi, ni marehemu anamwita mumewe.

"Marehemu alikuwa na sauti yake," mwenye gari akamjibu kutoka dirishani. "Hakuwa mtu wa kuazima."

Mtaani walimwita Mzee Lawama, na jina lenyewe halikuwa la siku nyingi. Kabla ya hapo alikuwa Baba Mikate, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupakia mikate ya bekari kwenye van yake nyeupe na kuisambaza madukani kabla watu hawajanywa chai. Lawama lilikuja mkewe alipofariki. Tangu hapo hakuna kilichoharibika duniani kikakosa wa kubebeshwa. Barabara ikiwa na mashimo, ni wao: lami wamekula, kokoto wametuachia. Maji yakikatika, ni wao. Yakirudi na rangi ya chai, ni wao vilevile. "Wao" walikuwa wote wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka: wa barabara, wa maji, wa bekari, na kuliko wote, wa hospitali. Na tusimwonee, mara nyingi alisema kweli. Shida ni kwamba ukweli ukiusema kila siku kwa sauti ileile, watu wanauzoea kama wanavyozoea kelele za mashine ya kusaga, hawausikii tena.

Siku gari lilipogoma kabisa, mikate ilikuwa imeshapakiwa. Alizungusha ufunguo, kimya. Akazungusha tena. Kwenye dashibodi kikawaka kialama chekundu cha ufunguo, kikawa kinapepesa kama jicho la mtu anayekudharau. Meneja wa bekari akatoka nje, akaitazama van, akamtazama mwenye van, akasema kwa ule upole wa watu wasiopungukiwa kitu:

"Mzee, leo nitakusaidia na gari langu. Kesho usipotokea, njia yako nampa mwingine. Usije ukasema nimekuonea."

"Mnaonea mkiwa mmelala, sembuse mkiwa macho," Mzee Lawama akasema, lakini alisema akiwa ameshageuka, akitafuta kamba ya kuvutia gari.

Wakalivuta mpaka gereji ya shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wake marehemu, fundi umeme wa magari, mwanamke mwenye mikono mifupi na ulimi mrefu. Gereji yake ilikuwa uwanja wa vumbi na banda moja la mabati, magari yamefunuliwa boneti kama wagonjwa kwa daktari wa meno, na redio isiyozimwa hata betri zikiisha, maana ilichomekwa kwenye betri ya gari lolote lililokuwa karibu. Alipoiona kamba akaweka mikono kiunoni.

"Shemeji! Umelileta gari au gari ndilo limekuleta?"

"Niache. Sijalala."

"Ulilala lini wewe? Unalala jicho moja, la pili linatafuta wa kumlaumu."

"Gari limegoma. Kesho nisipotokea nimefukuzwa."

"Basi kaa pale kwenye tairi, unyamaze. Ukinyamaza nafanya kazi haraka, ukisema nafanya kazi nikicheka."

Alikaa kwenye tairi. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe aliianza amechoka. Siku hizi uchovu ulikuwa unamtangulia kuamka. Shemeji akafungua mlango wa abiria, akang'oa kidroo cha dashibodi, akalala chali na kichwa chini ya dashibodi, miguu nje. Kutoka mle ndani ikasikika sauti yake:

"Hapa chini unafuga samaki?"

"Samaki gani?"

"Zulia limeloa chapachapa. Ningejua ningekuja na sabuni."

Ile ilikuwa siti ya mkewe. Masika ya mwisho aliyoyaona, mkewe alikuwa akikunja gunia na kuliweka chini ya miguu kila anapopanda. Alisema mara moja tu: huku chini pana maji. Naye mumewe akamwambia hayo si maji, ni baridi ya ugonjwa. Mkewe hakubishana. Alikuwa mtu wa kuweka gunia.

Shemeji akatoka na kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu kinene, upande mmoja umejaa matundu ya kuchomeka nyaya. Akakifungua kwa bisibisi akamwonyesha. Ndani palikuwa na ukungu wa kijani, kutu ya maji, imetambaa juu ya njia za umeme kama kuvu juu ya mkate uliosahaulika.

"Huyu ndiye mgonjwa wako. Kontrol boksi ya bodi. Taa, wipa, honi, vioo, kufuli za milango, vyote vinapita humu. Hata ufunguo wako, huyu ndiye anayeutazama na kusema huyu ni wetu, mpitishe. Injini yako nzima kabisa. Ila huyu ameingiwa na maji, basi kila waya inaongea na jirani asiyeihusu."

"Maji yametoka wapi?"

"Kioo cha mbele. Si ulikibadilisha?"

"Kokoto lilikipasua. Barabara yao hiyo. Lami wamekula..."

"...kokoto wametuachia, nimesikia. Aliyekibandika kioo hakuziba kona hii. Mvua ikinyesha maji yanashuka kimyakimya nyuma ya dashibodi, mpaka kwenye boksi."

"Unaona? Na fundi wa namna hiyo kibali kapewa na nani? Na haohao!"

"Shemeji, wewe ukijikwaa kwenye kiatu chako mwenyewe utamtafuta waziri wa viatu."

Midomo ikamcheza kidogo. Ilikuwa muda mrefu haijacheza.

Boksi jipya lilikuwa tayari. Shemeji aliliagiza tangu honi ilipoanza kulia alfajiri, bila kumuuliza, kwa sababu angemuuliza angepewa hotuba. Alikuwa na sababu ya kutaka jipya. Boksi la mtumba, alimweleza, linakuja na kumbukumbu za gari lilikotoka: linadhani mlango wa kuburuta uko upande mwingine, linadhani taa za nyuma ni za namna nyingine, na linawangoja wenye funguo zake za zamani. Jipya linakuja kichwa kitupu. Unalifundisha mara moja, linashika, halifundishiki tena kirahisi.

Alianza na kioo. Akakwangua gundi ya zamani kwenye kona, akaziba kwa silikoni, akamwaga ndoo ya maji juu ya kioo na kuchungulia chini kwa tochi mpaka aliporidhika. Akakausha soketi moja moja kwa kitambaa. Akafungua betri ili asichome kitu, akalifunga boksi jipya mahali pake, akachomeka nyaya, kila soketi ikitoa sauti yake ndogo, tak. Akarudisha betri. Kisha akaleta mashine ya kusomea gari, kitu kama simu kubwa yenye mkia, akaichomeka chini ya usukani.

"Hii si yangu," akasema. "Nimeiazima kwa jamaa wa gereji ya jirani, jioni anaifuata. Kwa hiyo usinisemeshe."

Akaanza kulifundisha boksi: namba ya gari, milango mingapi, unaburutwa upi. Mzee Lawama aliinuka kwenye tairi, akasimama nyuma yake. Mashine ikalia kidogo, ikaandika swali. Shemeji akasoma, akatulia. Akageuza uso.

"Inauliza funguo ngapi."

"Mmoja," Mzee Lawama akasema.

"Ziko mbili."

"Nilio nao ni mmoja."

"Sijauliza ulio nao. Inauliza ziko ngapi." Shemeji akaiweka mashine mapajani. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Sikia, shemeji. Boksi hili litautambua ufunguo ulio mbele yake sasa hivi. Usiokuwepo, halitaujua. Utakuwa chuma tu, wa kufungulia soda. Na mashine ikisharudi kwa mwenyewe, kuongeza mwingine baadaye ni habari ya kuanza upya."

Ufunguo wa pili ulikuwa wa marehemu. Naye alipougua, alimpa binti yao, ili yeye ndiye awe anampeleka kliniki wakati baba mtu amelala kupumzisha mgongo baada ya mizunguko ya mikate. Binti alikuwa nao mpaka leo. Na binti alikuwa muuguzi msimamizi wa wodi ya juu, katika hospitali ileile ambayo mama yake alifia ukumbini, kwenye kitanda cha magurudumu, chini ya ngazi, kwa sababu mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa juu na lifti ilikuwa mbovu. Baba mtu alikuwepo. Alimwona binti yake ameshuka mbio, amevaa sare yake safi, akasimama na simu sikioni. Amesimama tu. Wiki ya mazishi, mbele ya watu, alimwambia: mama yako mmemuua nyinyi, wakubwa wa wodi. Binti aliokota mkoba wake akaondoka. Tangu siku ile walikuwa wakipeana habari kupitia kwa huyu huyu shemeji.

"Andika mmoja," Mzee Lawama akasema.

"Mimi ni fundi, naandika anachosema mwenye gari." Shemeji hakuigusa mashine. "Lakini yule ni mtoto wa dada yangu. Ukitaka kumfungia mlango, mfungie wewe kwa mkono wako. Kidude cha kubonyeza ni hiki hapa."

Akamnyooshea mashine. Kwenye kioo chake namba moja ilikuwa inangoja. Mzee Lawama aliitazama mpaka macho yakamwasha. Kisha akasema, kama mtu aliyeambiwa ahamishe jiwe:

"Huyo jamaa anaifuata jioni saa ngapi?"

"Jua likiinama. Chukua pikipiki pale njiani."

*

Ukumbi wa hospitali ulikuwa uleule: rangi ya kijani mpaka kifuani na nyeupe kwenda juu, benchi ndefu za mbao, harufu ya dawa ya sakafu. Kwenye mlango wa lifti palikuwa na tangazo: HAIFANYI KAZI. Siku ya mkewe lilikuwa karatasi tupu. Sasa lilikuwa limewekewa plastiki, limefungwa kwa skrubu kwenye kona zote. Alilitazama akatikisa kichwa. Mtu haliwekei plastiki jambo analotarajia kuisha.

Alikaa mwisho wa benchi, nyuma ya nguzo, ili apumue kwanza. Alikuwa akipanga maneno. Nimefuata ufunguo. Hapana, hilo lilikuwa kavu mno. Shemeji yangu amenituma. Hilo lilikuwa la uoga. Akaona bora atume mtu amwitie, halafu maneno yatajijua yenyewe.

Ndipo kelele zikaanza, upande wa ngazi. Sauti ya mwanaume, imepasuka kwa hasira:

"Mnataka mama yangu afie hapa? Lifti mbovu, mbovu, mbovu, kila siku mbovu! Nyinyi wakubwa mnakula nini humu ndani?"

Watu wakasogea kutazama. Kutoka nyuma ya nguzo Mzee Lawama hakuona kitu ila migongo, lakini hakuhitaji kuona. Alikuwa amengoja sauti ile kwa muda mrefu, kama mtu anayeimba peke yake kisha akasikia wa kuitikia. Kifua kikamjaa. Akasimama, akapaza sauti juu ya vichwa vya watu:

"Waambie! Waambie hao! Wamezoea! Wao wakiumwa hata kikohozi wanapandishwa ndege, sisi hata ngazi hatupandishwi!"

Watu wakacheka, cheko lile la uchungu. Mmoja akapiga makofi. "Sema, mzee!" Naye akajipenyeza mbele ili aseme vizuri, kidole kimeshatangulia hewani, migongo ikampisha, na kwenye ngazi ya kwanza, amemkabili yule mwanaume mwenye hasira, alikuwa amesimama binti yake.

Alikuwa amekonda. Sare ileile safi. Alimtazama baba yake, akatazama kile kidole, kikashuka chenyewe.

Hakuonyesha kama wanajuana. Alimgeukia yule mwanaume.

"Umemaliza, kaka?"

"Sijamaliza!"

"Utamalizia juu. Mama yako tunampandisha sasa hivi kwa mikono. Leteni kile kiti cha mikanda." Kiti kikaletwa, cha chuma, chenye mishikio iliyozungushiwa kitambaa, kitambaa chenyewe kimechakaa kwa kushikwa. "Nataka wanne wenye magoti mazima. Wewe mwanawe, nyuma ya mgongo wake. Wewe wa shati jeusi. Wewe. Na wewe mzee unayesema waambie, shika hapa mbele. Tuone."

Alishika.

Bibi kizee aliyekuwa kitini hakuwa mzito, lakini ngazi zilikuwa nzito. Binti alitangulia akipanda kinyumenyume, uso kwao, akiwaambia lini wanyanyue na lini wapumue. Bibi akaishika mikono ya shati la Mzee Lawama, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, usiniangushe."

"Sikuangushi, mama." Jasho lilimwingia machoni. Mgongo ulikuwa unawaka.

Kwenye kona ya ngazi mlango wa ofisi ukafunguka, akachungulia bwana mmoja mwenye tai na kikombe mkononi.

"Sista," akasema, "si tulikubaliana kuhusu ngazi?"

"Tulikubaliana lifti itatengenezwa," binti akamjibu bila kugeuka. "Nyanyueni."

Mlango ukafungwa polepole, kwa adabu.

Juu, bibi alipolazwa na mpira wa hewa kuwekwa puani, yule mwanaume mwenye hasira alikaa sakafuni akalia kama mtoto, hakumalizia aliyotaka kumalizia. Mzee Lawama alikuwa ameegemea dirisha la varanda, mikono inamtetemeka, hawezi hata kujipangusa. Binti akaja na gilasi ya maji.

"Mmeanza lini kubeba watu?" mzee akauliza, maana ndilo lililotangulia mdomoni.

"Tangu mama."

Akanywa maji.

"Siku ile utaratibu ulikuwa tumngoje fundi wa lifti," binti akasema. Alikuwa akitazama nje. "Mgonjwa habebwi ngazini, akianguka ni kesi. Nilipiga simu juu, nikaambiwa subiri. Nikatii. Wewe uliniona nimesimama tu, na kweli nilikuwa nimesimama, baba. Nilikuwa natii. Siku hizi sitii, wameshaniita ofisini mpaka kiti cha pale kimepata umbo langu."

"Hukuniambia."

"Ungenisikia saa ngapi? Ulikuwa unahutubia." Akavuta pumzi. "Na mimi nina wakubwa wangu. Ulidhani ngazi zinaishia kwangu?"

Mzee Lawama aliweka gilasi dirishani. Mwisho akasema lile kavu.

"Nimefuata ufunguo wa gari."

Uso wa binti ukajifunga. "Wa mama."

"Ndiyo."

"Umekuja kuninyang'anya. Baada ya mambo yote, hicho kipande cha chuma ndicho kimekupandisha ngazi." Alishaingiza mkono mfukoni, alishautoa, alikuwa anaunyoosha. "Chukua. Si gari lako?"

"Hebu ngoja..."

"Chukua baba, nina kazi."

"Ngoja nikuambie, mtoto wewe!" Akashusha sauti, muuguzi mmoja alikuwa amegeuka. "Gari limebadilishwa boksi. Boksi jipya halijui mtu. Mama yako mdogo yuko nalo pale, linauliza funguo ngapi. Ambao hautakuwepo leo, hautafungua tena. Ndiyo nimeufuata. Uwepo."

Binti aliurudisha mkono polepole.

"Wako si unatosha? Uache wa kwangu ufe."

"Ningetaka ufe," Mzee Lawama akasema, amechoka, amechoka hata kwa hasira, "ningekaa kwenye tairi kule. Ungekufa wenyewe bila mimi kupanda ngazi."

Binti akautazama ufunguo kiganjani. Ulikuwa umefungwa kwa uzi, na kwenye uzi kuna kifungo kimoja cha bluu cha sweta. Akaufumba mkononi, akaufumbua, akauweka kwenye mkono wa baba yake.

"Natoka kazini jua likizama," akasema. "Usipourudisha leo, sitaujia."

*

Shemeji aliuona uzi kabla ya kuuona ufunguo.

"Kifungo cha sweta langu!" akapiga kelele. "Dada aliniambia miaka yote kimepotelea kwa fundi wa nguo! Mwizi mkubwa yule!" Akacheka, kisha akajipangusa macho kwa mkono wenye grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni, na Mzee Lawama hakumwambia.

"Mtoto amekupa mwenyewe au umempokonya?"

"Amenibebesha bibi wa watu mpaka juu, ndiyo akanipa."

"Safi. Mgongo vipi?"

"Mgongo usiuulize."

Mashine ikauliza tena, ikajibiwa. Shemeji akaingiza ufunguo wa mzee, akangoja, kialama chekundu kikapepesa kisha kikatulia, akauchomoa. Akaingiza wa pili, kifungo cha bluu kikawa kinaning'inia kwenye usukani. Kialama kikapepesa. Kikaendelea kupepesa. Mzee Lawama akajikuta ameshika paa la gari kwa mikono yote miwili.

"Umekaa sana bila kazi," shemeji akanong'ona. "Tulia, tulia, unajulikana wewe." Akauchomoa, akaufuta kwenye ovaroli yake, akauingiza tena.

Kialama kikazimika.

Akawasha. Injini ikashika mara moja, kama vile haikuwa yenyewe iliyogoma asubuhi. Wakajaribu wipa: zikafuta, zikakaa. Indiketa. Vioo. Kufuli. Shemeji akabonyeza honi, ikalia, akaiachia, ikanyamaza. Wote wawili wakangoja kidogo, hawaiamini. Ikaendelea kunyamaza.

"Basi," shemeji akasema, akizungusha mkia wa mashine. "Sasa nenda kabla hujapata la kusema."

Alifika mbele ya geti la hospitali jua likiwa ukingoni, akaegesha, akashuka, akasimama nje ya gari lake kama dereva wa kukodiwa. Watu wa zamu walitoka kwa makundi, wamevua nyuso zao za kazi. Binti alitoka wa mwisho mwisho, viatu mkononi, amevaa ndala. Mzee akamnyooshea ufunguo.

"Jaribu."

Binti akabonyeza akiwa palepale alipo. Van ikajibu: taa zikamulika, kufuli zikafunguka milango yote kwa pamoja, tak. Hakutabasamu. Ila alibonyeza tena ikafunga, akabonyeza tena ikafungua, na mzee akaangalia pembeni.

"Mikono inakutetemeka bado," binti akasema. "Lete, nitaendesha mimi."

"Wewe umechoka."

"Nimechoka ndiyo. Wewe je?"

Hapo hapakuwa na cha kubishia. Akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akapanda. Hakuwahi kukaa upande ule. Kiti kilikuwa kimebonyea mahali pasipo pake. Akateremsha miguu, na ubichi wa zulia ukapenya kwenye soli iliyotoboka, ukapanda mpaka kwenye kisigino.

"Huku chini pana maji," akasema.

"Mama alikuwa anasema."

"Ndiyo." Akaikunja miguu kidogo, kisha akairudisha palepale. "Alisema."

Binti akawasha gari. Wakaingia barabarani, taa za maduka zikianza kuwaka. Alikuwa akiendesha kama mama yake, karibu mno na usukani. Mzee alifumba macho. Alikuwa karibu kusinzia, usingizi wa kweli, pale gurudumu la upande wake lilipotumbukia shimoni, gari likaruka, kidroo cha dashibodi kikafunguka kikamgonga magoti.

"Lami wamekula hawa!" akafoka, macho bado hajayafumbua vizuri. "Kokoto wametuachia! Wakubwa wa nchi nzima, hata shimo moja hawawezi kulifukia!"

Binti alibadili gia, akalikwepa shimo la pili, akainama mbele kutafuta la tatu.

"Waambie, baba," akasema. "Waambie hao."